Mgonjwa Aliyetaka Kuona Jangwa

Pikapu nyeupe ilikuwa nyuma yao tena.

Mwende Kyalo aliiona kwenye kioo cha pembeni, nukta juu ya barabara iliyonyooka hadi macho kuchoka. Ford F-150. Watu wawili ndani, alikwisha kuwaona, kofia zimevutwa hadi kwenye nyusi. Aliiona Las Cruces. Akaiona Socorro, imeegeshwa mbele ya mkahawa uliofungwa. Sasa iko hapa, magharibi ya Gallup, mahali pasipo na kitu ila nyaya za umeme na vilima vyekundu vilivyokatwa vichwa.

Alipunguza mwendo.

Nayo ikapunguza.

"Mbona waenda kama twasindikiza maiti?" aliuliza mzee aliyeketi kando yake, bila kufumbua macho.

"Ulisema twende taratibu, Mzee."

"Taratibu nilisema. Sikusema tuzikane."

Mzee Nadim Jiwa alitabasamu, mrija wa oksijeni ukiwa puani. Miguuni pake mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwa ikinguruma kwa sauti ya chini. Alikuwa na mashati mazuri ya kitani, vidole virefu, na Kiswahili cha Mombasa ambacho miaka arobaini ya London haikukipunguza hata kidogo. Ukimwona tu, ungempisha foleni.

Simu iliita kwenye spika za gari. Kaka Zeph.

Mwende alibonyeza kitufe kwenye usukani. Nadim alielewa kila neno la Kiswahili, na angeshtuka kusikia Kikamba. Kwa hivyo walizungumza kwa mafumbo, kama watu wanaojadili matengenezo ya nyumba.

"Umeamkaje, Mwende?"

"Salama. Lakini jirani wa Edmonton amenitumia ujumbe. Lile bomba la bafuni linavuja tena."

"Sehemu moja?"

"Mbili."

Kalamu ilikwaruza karatasi.

"Usiliguse mwenyewe. Fundi nitakupatia."

"Haraka basi. Maji yanazidi."

Simu ikakatika.

Bomba linavuja: tunafuatwa. Sehemu mbili: watu wawili. Usiguse: endelea na safari kama kawaida.

"Nyumba za kupanga London," Nadim alisema polepole. "Kila siku bomba. Huyo kaka yako, ni fundi?"

"Mhasibu."

"Mhasibu." Alilirudia neno lile kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Kisha akafumba macho tena.

Mwende aliendesha. Mikono yake ilitulia kwenye usukani. 

*

Kazi ilikuwa imeanza miezi minne nyuma, katika chumba cha juu ya duka la simu, Kilburn, London.

Zephaniah Mutiso alikuwa mtu mwembamba mwenye sweta moja la kijivu na subira isiyoisha. Vitabu vya kampuni ndogo ndogo vilijaa mezani kwake, na kweli alivikagua. Lakini mshahara wake halisi ulitoka Nairobi, kwenye Idara ya ujasusi. Mwende pia alilipwa na Idara.

Alimwonyesha picha ya kitu kidogo cheusi, ukubwa wa kiberiti.

"Unaona hiki? Ndicho kinachoelekeza droni angani. Jeshi letu mpakani lina mitambo ya kuvuruga setilaiti. Droni ya kawaida ikifika pale inapotea njia na kuanguka. Ukiifungia hiki, haipotei. Haihitaji setilaiti."

"Dadacha," Mwende alisema.

"Dadacha. Mitambo yetu ilikuwa imewashwa siku hiyo, na bado zilifika."

Hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa pale. Kabla ya kuwa jasusi, Mwende alikuwa muuguzi, na Idara ilipenda kumtumia hivyo. Siku droni mbili zilipoangukia soko la mbuzi la Dadacha, alikuwa na madaktari wa jeshi kambi ya jirani. Alifunga majeraha kwa leso za majeruhi wenyewe kwa sababu bandeji ziliisha. Mwanamke mmoja alimshika kifundo cha mkono akakataa kukiachia, hata baada ya kufa. Ilibidi vidole vifunguliwe kimoja kimoja.

"Nani anavileta?"

Zephaniah aliweka picha ya pili. Mzee mtanashati, akitoka msikitini.

"Nadim Jiwa. Dalali. Miaka yote hii hajagusa risasi kwa mkono wake. Anaunganisha watu tu, kisha anaondoka. Anakaa hapa hapa Kilburn, mitaa miwili kutoka kiti ulichokalia. Sasa ghafla mapafu yake ni mabovu. Anatafuta muuguzi anayejua Kiswahili. Na anataka akaone jangwa la Amerika kwa gari, polepole, kabla hajafa."

"Huenda ni kweli."

"Huenda. Nenda ukamuuguze, utuambie."

Idara ilifungua ejensi ya wauguzi kule Edmonton, ofisi ndogo juu ya kinyozi, kwa ajili ya mtu mmoja tu. Nadim alipiga simu. Mwende akaenda.

Kwa miezi minne alimpimia dawa, alimpikia uji, alimsikiliza. Mzee alimfundisha kucheza karata, huku akimwibia waziwazi. Alimuuliza habari za Kitui kama mtu anayetaka kujua kweli. Mwende alianza kumpenda, na jambo hilo lilimuudhi kuliko chochote.

Kisha wakapanda ndege hadi Dallas, wakakodi Toyota 4Runner ya kijivu, na safari ikaanza.

Haikuwa na haraka. Texas ilikwenda siku mbili. Kule White Sands mzee aliketi kwenye benchi saa nzima akitazama watoto wa watu wakiteleza kwenye mchanga mweupe kama unga wa sembe. Alisimama kila duka la kando ya barabara. Kila duka alinunua jiwe. Jiwe la zambarau, jiwe lenye mistari, kipande cha mti wa kale uliogeuka jiwe. Kila alasiri akilala hotelini, Mwende aliyatoa mawe yale kwenye buti. Aliyagonga kwa kijiko. Aliyapiga picha ya joto kwa kamera ndogo ya Flir iliyochomekwa kwenye simu. Aliyapima kwenye mizani ya dawa.

Mawe.

Mawe matupu.

Na pikapu nyuma yao.

*

Holbrook, Arizona. Mji wa barabara moja na upepo.

Duka la Agathe lilikuwa mwisho wa mji, uwanja mkubwa uliojaa magogo ya mawe, na dubwana la bati lililopakwa kijani langoni. Agathe mwenyewe alitoka kuwapokea. Mbelgiji, nywele nyeupe zimesukwa msuko mmoja, mikono ya mtu wa kazi. Alimbusu Nadim mashavu yote mawili. Wakazungumza Kifaransa.

Watu wasiojuana hawabusiani hivyo.

"Mwanangu," Nadim alimwambia Mwende, "kaninunulie barafu kwenye kituo cha mafuta. Na soda ya tangawizi. Usikimbie."

"Mashine yako, Mzee?"

"Wacha hapa. Na begi la betri. Agathe atanitazama."

Alienda. Hakukimbia. Alinunua barafu, akasimama kando ya friji za kituo kile kwa muda, akatazama barabarani. Pikapu nyeupe ilikuwa ng'ambo, chini ya kivuli cha kibao cha matangazo. Injini ikinguruma. Dirisha likafunguka kidogo, kichungi cha sigara kikatupwa nje.

Alirudi kwa njia ya nyuma ya uwanja, kwa miguu, gari akaliacha langoni.

Ndipo alipomwona.

Mzee Nadim alikuwa amesimama juu ya ngazi ya nyumba ya Agathe. Ngazi ndefu, ya mbao. Alikuwa ameipanda. Mrija haukuwa puani. Mashine ilikuwa chini kabisa, imezimwa. Alikuwa akicheka, kicheko cha mtu mwenye pumzi za kutosha na za kubakiza.

Mwende alirudi langoni kimyakimya, akaingia upya kwa kishindo.

Alimkuta kwenye kiti, mrija puani, jasho kidogo.

"Umechelewa, binti."

"Foleni, Mzee. Nipe kidole nikupime."

Alimbana kidole kwa kile kipimo kidogo cha oksijeni. Tisini na saba. Midomo ilikuwa na rangi yake. Mtu mwenye mapafu mabovu kama daktari wake alivyoandika hangeweza kupata kiasi hicho baada ya ngazi ile, hata kwa maombi.

"Vipi?"

"Si mbaya."

Aliinua begi la betri za akiba, akalivaa begani kama kila siku. Kamba ilimkata bega kuliko siku zote. Na zipu ilikuwa imefungwa kuishia kulia. Yeye huishilizia kushoto.

Alielewa yote kwa pamoja, akiwa amesimama pale juani na mfuko wa barafu mkononi.

Uwanja wa ndege hakuna anayefungua betri za mgonjwa. Wanamwonea huruma, wanampisha. Na begi la betri mgonjwa habebi mwenyewe.

Anabeba muuguzi.

Alama za vidole juu ya betri zile ni za nani? Jina kwenye lebo ya begi ni la nani? Siku mambo yakiharibika Heathrow, mzee angekohoa, angelia, angesema hajui lolote. Miezi minne ya uji na karata ilikuwa ya kumtafuta mtu wa kufungwa.

Mbebaji ni mimi, Mwende aliwaza. Na kitu fulani alichokuwa nacho moyoni kwa ajili ya mzee yule kikafa hapo hapo, bila kelele.

*

Kituo kingine cha mafuta, Winslow. Nadim alibaki garini. Mwende alijifungia chooni.

"Zeph."

"Sema."

"Mzigo umeshapokelewa."

"Uko wapi?"

"Begani kwangu."

"Rudia."

"Ndani ya betri za mashine. Mzee haumwi, Zeph. Hajawahi kuumwa."

Alisikia basi likipita Kilburn, kisha kalamu ikiwekwa mezani.

"Tunamtaka anayevisubiri huku. Ukimkamata mzee sasa, huyo mwingine atapata dalali mpya kabla ya mwaka kwisha. Mlete London na betri zake. Lakini vilivyomo visivuke Atlantiki. Magharibi huko, kabla ya Kingman, kuna mkahawa wa madereva wa malori. Mwenyewe anaitwa Harjit. Amezaliwa Kisumu. Ndiye fundi wako."

"Na pikapu? Ni yenu?"

"Si yetu."

"Ya Wamarekani?"

"Nimewauliza. Si yao pia."

Mwende alitazama uso wake kwenye kioo kilichopasuka.

"Basi ni ya nani?"

"Ukijua, niambie," Zephaniah alisema.

*

Alijua siku iliyofuata.

Nadim alitaka barabara ya zamani, ile inayoachana na barabara kuu baada ya Seligman. Nyembamba, imepauka, malori hayapiti. Alisema ina mandhari. Kwa kweli ilikuwa na mandhari. Nyasi za njano, milima ya bluu mbali, anga kubwa hadi unajiona mdogo kama siafu. Hakukuwa na gari lingine.

Ila moja.

Pikapu ilikua kwenye kioo. Haikuwa nukta tena. Ilikuwa gari, kisha ikawa vyuma vinavyong'aa.

"Mzee, funga mkanda."

"Nimefunga."

"Kaza."

Pigo la kwanza liliinua nyuma ya 4Runner. Nadim alitoa sauti. Pigo la pili lilivunja taa. Kioo cha pembeni kilimwonyesha Mwende mkono ukitoka dirishani, na mwishoni mwa mkono bunduki fupi.

Kioo kile kikapasuka.

"Wanafanya nini hawa?" Nadim alifoka. "Ni watu wetu hawa. Ni wa kutulinda!"

Basi ndiyo hiyo. Mpokeaji wa London alituma walinzi, na walinzi wakaamua kuuza mzigo wenyewe. Jangwa pana. Mzee mgonjwa na muuguzi wake wangeonekana baada ya miezi, kama wangeonekana.

Mwende alikuwa ameisoma ramani ya njia hii mara nyingi akiwa hotelini, mpaka akaota nayo. Mbele, kushoto, palikuwa na njia ya vumbi. Kibao cha njano: imefungwa, mafuriko yameikata.

Aliikata kona bila kugusa breki.

4Runner ilipita kando ya kibao, ikayumba, ikashika changarawe. Vumbi liliinuka nyuma yao kama ukuta. Aliongeza moto. Mawe yaligonga chini ya gari. Nadim alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, mrija umemtoka puani, na alikuwa akipumua vizuri sana.

Pikapu iliingia kwenye vumbi.

Haikuwa ikiona kitu. Ilifuata tu.

Mwende alihesabu mapinda moyoni. La kwanza. La pili. Baada ya hili njia hupanda kidogo, kisha haipo.

Alipanda. Akaona ukingo. Akavuta breki ya mkono, akazungusha usukani kulia, na gari zito likageuka kwa ubavu hadi kwenye vichaka, matairi yakilia, likasimama likitazama lilikotoka.

Pikapu ilipita mbele yao kwa kasi ileile.

Kisha haikuwepo.

Kishindo kilikuja baadaye kidogo. Kisha honi, mfululizo, bila kukoma.

Mwende alishuka, akachungulia. Korongo halikuwa na kina kikubwa. Pikapu ilikuwa imechomeka pua kwenye mchanga. Mtu mmoja alikuwa akijaribu kufungua mlango kwa mkono uliovunjika. Mwingine alikuwa ameegemea usukani, akigumia kwa maumivu. Bunduki ilikuwa imeruka mbali, imezama nusu mchangani.

Wangeishi. Aliwatupia chupa mbili za maji, akarudi.

Nadim alikuwa ameshuka. Amesimama bila mashine, mkononi ana bastola ndogo ya Ruger. Mwende hakujua aliipata duka gani kati ya yale yote, na alijilaumu kwa hilo.

"Simama hapo hapo," mzee alisema. "Sasa tuambiane."

Upepo ulikuwa ukipiga vichaka. Honi bado inalia.

"Tuambiane nini, Mzee?"

"Kituo gani cha kutunza wazee chafundisha watu kuendesha vile?"

Mwende aliuangalia mdomo wa bastola, kisha mzee mwenyewe.

"Mjomba wangu alikuwa fundi wa magari ya mashindano ya rally. Machakos. Wakimaliza kulitengeneza gari, lazima mtu alijaribu kwenye barabara za vumbi. Mimi nilikuwa mwepesi, nilikaa kiti cha pembeni. Nilipofika sekondari akanipa usukani."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Uliuliza kama najua kupika biriani."

Mzee hakucheka. Macho yake yalikuwa yakipita usoni mwake taratibu, yakitafuta.

"Na mimi nikuulize," Mwende alisema, na akaacha sauti itetemeke kidogo, maana muuguzi angetetemeka. "Wale ni nani? Kwa nini unasema ni watu wako? Na mbona umesimama bila oksijeni?"

Hilo lilimfikia. Alishusha macho akatazama mrija uliokuwa ukining'inia kifuani pake. Ilikuwa zamu yake kutafuta uongo.

"Biashara ya mawe ya thamani," alisema mwishowe. "Ina wivu. Na hofu hufungua mapafu, daktari wangu aliniambia."

"Sawa, Mzee."

"Wajua nawaza nini?" Bastola ilishuka kidogo. "Nawaza, kama ungekuwa mtu wa serikali, ungewaacha waniue. Halafu ungechukua unachokitaka ukaenda zako."

"Ningekuwa mtu wa serikali ningekuwa na gari bora kuliko hili."

Sasa alicheka. Aliifuta bastola kwa shati lake la kitani, kwa makini, akaitupa mbali vichakani. Alirudi garini, akavaa mrija.

Lakini alipoketi alilichukua begi la betri kutoka kiti cha nyuma, akaliweka mapajani. Hakuliachia hata maili moja.

*

Mkahawa wa Harjit ulinukia jira na dizeli. Malori yalikuwa yamepangana nje hadi barabarani, na kando palikuwa na banda la matairi. Madereva wa Kipunjabi walikula dengu na chapati wakitazama kriketi.

Harjit mwenyewe alikuwa na kilemba cha buluu na tumbo la kutosha. Alimtazama Nadim, akamtazama Mwende.

"Karibuni. Chai ya maziwa ipo, ile ya kwetu."

"Kwenu wapi?" Nadim aliuliza haraka.

"Kisumu, bwana. Mtaa wa Milimani. Na wewe ni wa Pwani, hiyo sauti nimeijua."

Nadim alikunja uso. Mtu wa Kisumu katikati ya jangwa la Arizona. Mwende alimwona akipima jambo hilo, akiligeuza. Lakini Harjit alishaanza kulalamika juu ya bei ya nyama ya mbuzi Kingman, na malalamiko yake yalikuwa ya kweli kabisa, na harufu ya chai ilikuwa ya kweli. Mashine miguuni ikapiga mlio. Betri imeisha.

Mwende alikuwa ameipakia betri iliyokaribia kwisha makusudi asubuhi ile.

"Nipe begi nikazichaji zote, Mzee. Ikizimika njiani tutajuta."

Mikono ya mzee ilikaza begi.

"Soketi zote za mezani zimekufa," Harjit alisema, akimimina chai. "Stoo kuna umeme. Mlango ule pale."

Kila mtu alikuwa akimtazama mgonjwa na mashine yake inayolia. Nadim hakuwa na jinsi. Mgonjwa halisi angetoa betri mara moja.

Akaachia.

Stoo ilikuwa na magunia ya mchele na makopo ya vipuri. Mwende alitoa bisibisi ndogo ndani ya mfuko wa kipimo cha presha. Skrubu zilitoka kwa urahisi, mpya. Kifuniko kikafunguka.

Vilikuwa vimelala humo kwenye sponji. Vyeusi. Ukubwa wa kiberiti. Alijikuta amekishika kimoja kwa nguvu hadi kona zikamchoma kiganja.

Harjit alikuwa amemwekea tayari juu ya gunia: vipande vya madini ya risasi vya kubalansi magurudumu ya malori, vyenye gundi. Alivipima mkononi, akavipanga mahali pa vile vingine, akavibandika visigonge. Vya kweli alivizamisha ndani ya gunia la mchele. Wamarekani, aliowaarifu Zephaniah, wangevifuata jioni. Betri ya kwanza. Ya pili. Skrubu.

Nyayo nje. Viatu vya ngozi, hatua ya kuburuta.

Skrubu ya mwisho ilikataa kushika uzi.

Mlango ulifunguka.

Nadim alisimama pale, mkono mmoja ukutani. Alitazama betri mbili zilizolala chini, waya zimechomekwa ukutani, taa ya kijani inawaka. Mwende alikuwa amechuchumaa mbele yake, kiganja kimefunika kona moja kana kwamba anapima joto.

"Bado?"

"Bado kidogo. Hii imepata moto, naishika nione kama ni salama. Rudi ukae, Mzee. Chai yako itapoa."

Alikaa mlangoni muda mrefu. Mwende alihisi skrubu chini ya kidole chake kama punje ya mchele.

"Wajua," Nadim alisema, "ningekuwa na binti, ningetaka awe na subira kama yako."

Akageuka, akaenda.

Mwende alisubiri hadi viatu viliponyamaza. Kisha akaikaza.

*

Peckham, London, mvua nyepesi, mchana.

Heathrow walipita kama maji. Afisa mmoja aliwasukumia kiti cha magurudumu, mwingine akamwambia Nadim apumzike. Mwende alibeba begi.

Duka lilikuwa mtaa wa Rye Lane, ndizi za kupika nje, samaki wakavu ndani. Nadim alimpitisha moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Alikuwa bado kwenye mrija. Heshima ya kazi, pengine.

Kijana aliyekuwa akisubiri alivaa suti ya kijivu iliyomkaa vizuri. Aliitwa Ryan. Mwende aliwahi kuiona sura yake kwenye mafaili ya Idara: mkurugenzi wa kampuni ya ulinzi iliyopewa kazi ya kulinda soko la Dadacha na vijiji vya jirani. Aliyelipwa kuwalinda watu ndiye aliyewauzia wauaji macho. Kila droni ilipofika, kandarasi yake iliongezwa.

"Huyu nani?" Ryan aliuliza.

"Muuguzi wangu. Hajui kitu."

"Vijana wangu hawapokei simu."

"Vijana wako ni wezi," Nadim alisema. "Tutaongea hilo baadaye. Fungua."

Ryan alifungua betri kwa bisibisi ya umeme. Kifuniko kikatoka. Alitazama ndani kwa muda.

"Mzee," alisema taratibu, "umeniletea risasi za magurudumu."

Nadim alitazama. Kisha, polepole sana, akageuza kichwa kumtazama Mwende.

Ryan alikuwa mwepesi. Mkono wake ulishaingia kotini na kutoka na Glock. Mwende alikuwa karibu na mashine ya oksijeni. Aliishika mpini, akaizungusha kwa mikono miwili, na uzito wake wote ukampata Ryan kwenye goti. Alianguka juu ya makreti ya viazi vikuu. Mwende alimkanyaga kifundo cha mkono, akaisukuma bastola kwa mguu hadi chini ya rafu.

"Sasa," alisema kwenye kola ya koti lake, palipofichwa maikrofoni.

Milango ya mbele na ya nyuma ilifunguka pamoja. Polisi wa Kiingereza, wengi, viatu vizito. Zephaniah aliingia nyuma yao akiwa na sweta lake na mwavuli.

Hakuna aliyefyatua risasi. Ryan alifungwa pingu akiomba wakili.  Nadim aliuvua mrija, akaukunja vizuri, akauweka juu ya meza.

"Ulijua lini?" alimuuliza Mwende.

"Holbrook. Ulipanda ngazi."

Mzee alitikisa kichwa, kama mchezaji aliyeona karata aliyokosea kuitupa.

"Na kule korongoni? Ungewaacha wale waniue, mzigo ungekuwa wako. Niliwaza hivyo. Ndiyo maana nilikuamini."

"Nilikuhitaji ufike hapa."

"Ndiyo hivyo tu?"

Mwende alimtazama. Mashati ya kitani, vidole virefu.

"Uliniwekea jina langu kwenye begi, Mzee. Ndiyo hivyo tu."

Alitoka. Wanawake walikuwa wakichagua pilipili nje ya duka kana kwamba hakuna kilichotokea, mmoja akigombana na muuzaji juu ya pilipili zilizonyauka. Mvua ilikuwa imezidi. Mwende alipandisha kola, akaanza kutembea kuelekea kituo cha basi.

Zephaniah alimpata karibu na taa za barabarani, akamkinga kwa mwavuli.

"Nairobi wako kwenye simu," alisema. "Wanauliza habari za mpokeaji."

"Waambie amepokelewa."

"Na mgonjwa?"

Basi lilikuwa linakuja. Mwende alinyoosha mkono kulisimamisha.

"Mzima kabisa," alisema, akapanda.